Tani zilipanda, thamani ikashuka: kusoma grafu ya rojo la mbao la China na Japani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimechora grafu ya thamani ya rojo la mbao (malighafi ya karatasi) ambalo China na Japani huagiza kutoka nje, kwa dola za Marekani, kuanzia 1995. Japani inaanza juu kisha inateremka. China inaanza chini, mapema miaka ya 2000 inaipita Japani, halafu inapaa, ila kati ya 2018 na 2020 inaporomoka. Nimeandika kwamba viwanda vya karatasi vya Japani vinakufa, na kwamba China ilipunguza matumizi 2019 na 2020. Msimamizi wangu kaandika pembeni 'una uhakika?' na hakuongeza neno. Nimekosea wapi? Na je, naweza kufanya hivyohivyo kwa Kenya na Tanzania?"

Marahaba. Msimamizi wako amekuuliza swali zuri, ingawa angekuhurumia akaongeza hata mistari miwili. Nianze na hilo poromoko la China, maana hapo kosa linaonekana bila miwani.

Kwa takwimu za forodha ya China yenyewe, mwaka 2018 nchi hiyo iliagiza karibu tani milioni 24.8 za rojo la aina zote. Mwaka 2019 ikaagiza kama milioni 27.2, na 2020 ikavuka milioni 30. Thamani je? Ilitoka karibu dola bilioni 20 mwaka 2018 hadi chini kidogo ya bilioni 16 mwaka 2020. Yaani meli zilizidi kujaa bandarini huku mstari wako ukiteremka. Gawanya thamani kwa tani uone: 2018 tani moja iliigharimu China wastani wa karibu dola 800, 2020 ilikuwa kama dola 515. Tani zilipanda kwa takriban asilimia 23, bei ikaanguka kwa zaidi ya theluthi moja, na ukizidisha mabadiliko hayo mawili unapata thamani iliyopungua kwa karibu moja ya tano. China haikupunguza matumizi. Ilinunua zaidi kwa fedha pungufu, kama mama ntilie anayerudi sokoni na kapu zito msimu wa nyanya.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba grafu ya thamani peke yake haisemi nchi imetumia kiasi gani. Inasema nchi imelipa kiasi gani, na malipo ni tani mara bei. Kwa bidhaa ambayo bei yake imetulia, tofauti hiyo si kubwa. Kwa rojo la mbao ni kubwa mno, kwa sababu bei yake hupanda na kushuka kama bembea.

Sababu zake ziko kwenye viwanda vyenyewe. Rojo hili, au palpu kama wanavyoita walio kiwandani, ni mbao iliyochemshwa kwa kemikali au kusagwa mpaka nyuzi zikaachana, kisha ikakaushwa, ikabanwa kuwa marobota na kupakiwa melini. Kiwanda kimoja kipya cha Brazili au Uruguay hutoa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na gharama za kukijenga ni kubwa kiasi kwamba mwenyewe hawezi kukizima kwa sababu tu bei imeshuka. Kikifunguliwa kimoja, soko zima linafurika. Na upande wa pili, wachache wakisimama, soko zima linakauka. Tarehe 27 Februari 2010 Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, viwanda vyake vya rojo vikasimama, na bei ikaruka duniani kote. Mapema 2022 mgomo wa miezi kadhaa katika viwanda vya kampuni ya UPM nchini Finland ulikutana na vita vya Ukraine na uhaba wa nafasi melini, bei ikaruka tena. Katikati ya 2023 ikaanguka, na wanunuzi wa China wakafanya kile mnunuzi mwerevu hufanya: mwaka huo waliingiza kama tani milioni 36.7, kutoka 29 hivi mwaka uliotangulia. Thamani haikupanda kwa kasi hiyo hata kidogo.

Sasa tazama mwaka wako wa kuanzia. Kwa nini 1995? Nadhani ni kwa sababu namba ni ya duara na hifadhidata uliyotumia imejaa vizuri kuanzia hapo. Lakini 1995 ni mmoja wa miaka ya ajabu kabisa katika historia ya bidhaa hii. Rojo la nyuzi ndefu la kaskazini lilifika karibu dola 1,000 kwa tani, halafu mwaka uliofuata likaporomoka hadi karibu nusu. Ukiweka 1995 kuwa 100 kwenye fahirisi yako, mnunuzi mkubwa wa wakati ule, yaani Japani, ataonekana ameteremka katika miaka mingi inayofuata hata kama alikuwa ananunua tani zilezile. Umempima mtu urefu akiwa amesimama juu ya kiti. Tumia wastani wa miaka mitatu kama msingi, mathalan 2001 hadi 2003, ambapo bei ilikuwa imetulia kidogo.

Kuna pia suala la dola yenyewe. Kati ya 1995 na 2023 bei za walaji Marekani zilipanda mara mbili hivi. Mstari ulionyooka kwa dola za kawaida maana yake ni mstari ulioteremka nusu kwa dola halisi. Wewe umeuchora bila kuondoa mfumuko wa bei, kwa hiyo kupaa kwa China kumetiwa chumvi na kuteremka kwa Japani kumepunguzwa. Makosa mawili yanayovutana hayafutani, usije ukajifariji.

Nije Japani, ambako ndiko kuna utamu.

Ni kweli karatasi imepungua Japani. Uzalishaji wa karatasi na kadibodi ulifika kilele mwaka 2000, karibu tani milioni 32, na siku hizi unazunguka milioni 22. Magazeti hayanunuliwi kama zamani, na karatasi ya uchapaji imefuata. Kwa hiyo umefika mahali ambapo si mbali na ukweli, lakini kwa njia mbovu, na mtahini atakuuliza njia. Uagizaji wa rojo si kipimo cha afya ya viwanda vya karatasi vya Japani, kwa sababu Japani haikuwahi kutegemea mlango huo peke yake. Mlango wake mkubwa ni vipande vya mbao.

Tangu miaka ya 1960 Wajapani walijenga meli maalumu za kubeba mbao zilizokatwakatwa vipande vidogo, chipsi za mbao kama zinavyoitwa, na usizichanganye na zile za mayai. Zilitoka Marekani na Australia, baadaye Chile, Afrika Kusini na Vietnam. Kule Japani viwanda viko ufukweni, meli inashusha kwenye mlima wa vipande, vipande vinaingia kwenye mitungi ya kuchemshia, na rojo linapita kwa bomba likiwa bado bichi hadi kwenye mashine ya karatasi. Halikaushwi, halifungwi marobota, halipiti forodhani. Kwa kukaa huko pwani, kiwanda cha Ishinomaki kilimezwa na tsunami ya Machi 2011. Kwenye hesabu za forodha vipande hivyo vinaandikwa chini ya namba 4401, pamoja na kuni, mbali kabisa na rojo.

Ukubwa wake? Katika miaka ya 2010 Japani iliagiza zaidi ya tani milioni 10 za vipande kwa mwaka, zikihesabiwa kama zimekaushwa kabisa. Kwa rojo jeupe la kemikali, tani mbili za vipande vikavu hutoa tani moja hivi ya rojo, maana nusu ya mbao huyeyuka na kuchomwa kuendesha kiwanda. Basi vipande hivyo ni sawa na tani milioni 5 za rojo, ilhali rojo lenyewe lililoagizwa lilikuwa chini ya milioni 2. Grafu yako imeiona Japani kupitia dirisha dogo na kuliacha lango. Ongeza 4401.21 na 4401.22, vigeuze kuwa sawa na rojo, kisha ndipo ulinganishe. Na uviongeze kwa China pia, kwa sababu viwanda vikubwa vya Hainan na Rizhao navyo hupikia vipande vya kuagizwa, na China imeshaipita Japani hata hapo.

Mlango wa tatu ni karatasi chakavu, na huu ulinitia aibu mimi mwenyewe. Miaka michache nyuma nilichukua sura nzima ya 47 ya orodha ya forodha, kichwa chake kinataja rojo, nikajumlisha na kuchora. Nikaona China imevunjika kiuno baada ya 2017. Nikasimama mbele ya watu nikasema mahitaji ya China yamefika ukingoni. Kumbe sura ya 47 ina 4707 ndani yake, nayo ni karatasi chakavu. Mwaka 2016 China iliagiza zaidi ya tani milioni 28 za karatasi chakavu. Mwaka 2017 serikali ikatangaza kufunga mlango hatua kwa hatua, ikaanza na mchanganyiko usiochambuliwa, ikashusha kiwango cha uchafu kinachoruhusiwa hadi asilimia 0.5 kuanzia Machi 2018, na Januari 1, 2021 ikafunga kabisa. Nilichokiona mimi kikivunjika ni biashara ya taka. Rojo lilikuwa linapanda, kwa sehemu kwa sababu hiyohiyo: nyuzi zilizokuwa zinaingia kama taka zililazimika kutoka mahali pengine.

Kwa hiyo kagua umechukua namba zipi. Rojo la mbao hasa liko 4701 hadi 4705. 4706 ni rojo la karatasi chakavu au la mimea mingine kama mianzi na pamba. Hiyo 4706 ilikuwa ndogo zamani, lakini baada ya marufuku kampuni za China zilijenga viwanda Kusini-Mashariki mwa Asia, Malaysia mojawapo, zikachakata taka hukohuko na kuingiza rojo lake nyumbani. Hesabu za forodha ya China nilizokupa hapo juu zina 4706 ndani. Kama za kwako zinatoka FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wao huitenganisha. Usishone vipande vya vyanzo viwili halafu ukaita mstari mmoja.

Na ukiwa FAO, angalia neno "China". Hifadhidata yao ina China ya jumla, ambayo ndani yake mna Hong Kong, Macao na Taiwan, na ina China bara peke yake. Wengi huchagua ya kwanza bila kujua.

Kuna jambo jingine kuhusu karatasi chakavu ambalo nalipenda kwa sababu linavunja wazo zima la kulinganisha nchi mbili kama wakimbiaji kwenye njia zao. Kabla ya marufuku Japani ilikuwa inauza nje mamilioni ya tani za karatasi chakavu kila mwaka, na mteja wake mkuu alikuwa China. Mkaratusi ulikatwa Australia, ukasafiri kama vipande hadi Japani, ukawa karatasi, ukasomwa Tokyo, ukatupwa, ukavuka bahari ukawa boksi China. Uzi uleule umeingia hesabuni mara mbili, katika nchi mbili, chini ya namba mbili, na haukuonekana kwenye grafu yako hata mara moja.

Turudi kwenye bei ya wastani, maana sasa nimekupa kisu na nisipokuonya utajikata. Ukigawanya thamani kwa tani hupati bei ya soko. Unapata bei ya kapu, na kapu hubadilika. Rojo la misonobari na misprusi ya Kanada na nchi za Nordiki lina nyuzi ndefu, linatia nguvu kwenye karatasi, na kwa kawaida ni ghali kuliko la mikaratusi ya Brazili, lenye nyuzi fupi. Mfano wa kubuni: nchi inanunua tani 100 za nyuzi ndefu kwa dola 800 na tani 100 za nyuzi fupi kwa dola 600. Wastani ni 700. Mwaka unaofuata bei ni zilezile, lakini inanunua 50 na 150. Wastani umeshuka hadi 650, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyepunguza bei. China imehamia sana kwenye mikaratusi, na ina sababu. Mkaratusi wa Brazili hukatwa ukiwa na miaka saba hivi, msprusi wa Finland husubiri miongo. Kwa hiyo tenga angalau 4703.21, nyuzi ndefu nyeupe, na 4703.29, nyuzi fupi nyeupe, upate bei ya kila moja kabla ya kuzungumzia bei.

Tenga pia 4702. Hilo ni rojo la kuyeyushwa, na halielekei kwenye karatasi. Linakuwa viskosi, yaani kitambaa. China ndiye mnunuzi mkubwa wake duniani, na mwaka 2014 iliweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa, yaani bei za chini isivyo haki, dhidi ya Marekani, Kanada na Brazili kwa sababu ya rojo hilo. Ukiliacha ndani, sehemu ya "mahitaji ya karatasi" unayoeleza kwenye tasnifu yako imevaliwa na watu kama blauzi. Japani nayo ina kona yake: rojo laini la misonobari ya kusini mwa Marekani linaloingia kwenye nepi, katika nchi ambayo wazee wanaovaa nepi ni wengi kuliko unavyodhani.

Jambo moja umepona bila kujua. China na Japani zote hurekodi uagizaji kwa CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Ungelinganisha Japani na Kanada au Australia, ambazo uagizaji wao huandikwa kwa FOB, ungekuwa umeongeza nauli upande mmoja tu. Hata hivyo kumbuka kwamba nauli ikipanda kama 2021, inaingia kwenye thamani yako ikijifanya rojo.

Sarafu usiipuuze. Rojo huuzwa kwa dola duniani kote, kwa hiyo grafu ya dola ni halali. Ila ukitaka kueleza kwa nini kiwanda kilinunua au kiliacha, ingia kwenye mfuko wa mnunuzi. Mwaka 2011 dola moja ilikuwa kama yeni 80. Mwaka 2024 ilikuwa kama yeni 150. Mzigo wa dola milioni moja ulimgharimu Mjapani yeni milioni 80, kisha ukamgharimu milioni 150, bila muuzaji kuongeza senti. Kwa yuani tofauti ilikuwa ndogo, kutoka 6.5 hivi hadi karibu 7.2. Hiyo peke yake inatosha kumfanya Mjapani aagize kidogo na Mchina aagize kama kawaida, na wala haihusu karatasi.

Halafu, kwa nini China ilipaa? Hukuuliza, lakini bila sababu grafu ni mapambo. Zamani karatasi nyingi ya China ilitokana na majani ya ngano na mpunga, mianzi na matete, katika viwanda vidogo vilivyochafua mito. Mwaka 1996 serikali ilianza kuvifunga kwa maelfu. Mwaka 1998 mto Yangtze ukafurika vibaya na ukataji wa misitu ya asili ukawekewa breki. Desemba 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Viwanda vidogo vya majani vimefungwa, misitu imefungwa, viwanda vipya vikubwa vimejengwa, na milango iko wazi. Nyuzi zingetoka wapi kama si nje? Makutano yako ya mapema miaka ya 2000 yana historia hiyo chini yake. Na tangu Novemba 2018 rojo la nyuzi ndefu linauzwa kwa mikataba ya baadaye, yaani bei inakubaliwa leo na mzigo unakabidhiwa baadaye, kwenye soko la Shanghai, kwa hiyo baadhi ya marobota huingia nchini yakakaa ghalani yakisubiri bei. Tani iliyoagizwa mwaka huu inaweza isitumike mwaka huu.

Kwa tasnifu, chora tani kwanza, kwa mizani ya logi, inayopima ukuaji kwa mara badala ya kiasi, ili Japani isionekane kama uzi uliolala sakafuni chini ya China. Chini yake weka bei ya wastani kwa aina mbili za nyuzi. Thamani iwe ya mwisho, ukiwa umeigawa kuwa mchango wa tani na mchango wa bei. Ukitumia logi asilia (ln) za uwiano wa miaka hiyo, ambazo hujumlishika, hesabu ya China ya 2018 hadi 2020 inatoka hivi: tani +0.21, bei −0.44, thamani −0.23. Mstari huo mmoja utamtosha msimamizi wako.

Kuhusu Kenya na Tanzania, inawezekana, ila swali libadilike. Kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye kilianza uzalishaji 1974 kikipika mbao za hukohuko magharibi mwa Kenya, na kikafungwa 2009. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, nchini Tanzania, hupika misonobari ya nyanda za juu kutengeneza karatasi ya krafti, ile ngumu ya vifungashio. Kiwanda kinachopika rojo lake chenyewe kina haja ndogo ya kuliagiza, na nchi isiyopika haiagizi rojo bali huagiza karatasi iliyokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo Webuye ilipokufa, kilichojaza pengo huwezi kukikuta kwenye sura ya 47. Kitafute sura ya 48, kwenye maroli ya karatasi. Thamani za rojo kwa nchi zetu ni ndogo kiasi kwamba shehena moja inaweza kuupindua mwaka mzima, basi tumia wastani wa miaka mitatu mitatu. Na uhakikishe mzigo unaoshuka Mombasa au Dar es Salaam ukielekea Uganda, Rwanda au Kongo haujaingizwa kama wa Kenya au Tanzania. Ukiona mwaka mmoja umeruka ghafla, tazama kwanza nchi ya asili na tani zake kabla hujaanza kutafuta sera ya kuusifu.